Fumbo la Kuagia

Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, Mama Lenzi huvua miwani yake, huifuta kwa upindo wa koti lake jeupe la kazi, huivaa tena, kisha hulifungua gazeti kwa nyuma. Hasomi habari. Habari, husema, zitamfikia zenyewe kwa mdomo wa Kinyozi, zikiwa zimeshatiwa chumvi ya kutosha. Huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa chemshabongo, hutoa mfukoni kadi nyeusi aliyoikata tundu refu jembamba, na huilaza juu ya vidokezo ili kimoja tu kionekane. Hukisoma mara mbili. Halafu hulikunja gazeti, hulitia kwenye droo ya skrubu, na hukigeuza kibao cha mlangoni kisomeke KARIBU.

Kidokezo kimoja, basi. Hicho ndicho hukitafuna mpaka jioni, kama wengine wanavyotafuna ubani. Na si chemshabongo ile ya kumtaja mnyama mwenye shingo ndefu. Katika hii yake, kila kidokezo ni sentensi inayojifanya kuzungumza habari yake, huku sehemu moja ikitoa maana ya jibu na sehemu nyingine ikieleza namna ya kuliunda. Jumatatu moja kadi ilimwachia hiki: "Maji na zao la shambani vikiungana huzaa kiburi. Herufi nane." Alikitafuna akisaga lenzi za dada mmoja wa benki, na alipofika kwenye ukingo wa lenzi ya kushoto jibu likamdondokea lenyewe. Maji, halafu vuno. Majivuno! Akacheka peke yake kwa sauti, mpaka yule dada akajipapasa usoni kuona kama fremu aliyokuwa akiijaribu imekaa upande.

Duka ni jembamba kama ujia wa hospitali. Ukutani pana ubao wa herufi, kubwa juu na ndogo chini, ambao wateja wa zamani wameukariri hata haupimi tena kitu. Upande mmoja kuna droo za lenzi, kila lenzi ndani ya bahasha yake. Upande wa pili fremu zimening'inia safu kwa safu, zikimkodolea macho kila anayeingia. Nyuma kabisa, chini ya dirisha la pekee, kuna mashine ya kusagia iliyofungwa mezani kwa bolti, bisibisi ndogo zilizopangwa kwa urefu, na kipulizio cha hewa moto cha kulainishia mikono ya miwani ili ilale vizuri nyuma ya masikio. Kando ya meza hiyo kuna benchi.

Kazi hii alijifunza akiwa msichana, kwa fundi mkali aliyeamini kwamba mwanamke hawezi kusaga lenzi bila kujikata. Alijikata kweli, akafunga kitambaa, akaendelea kusaga. Marehemu mumewe alikutana naye hapohapo kwenye mashine. Alileta miwani iliyovunjika daraja la pua, ikatengenezwa. Akairudisha imevunjika palepale, ikatengenezwa. Alipoileta tena, msichana akaiweka mezani akamtazama. "Kaka, ama una pua ya chuma, ama una neno." Alikuwa na neno, ila alikuwa wa watu wanaozunguka nyumba mara kadhaa kabla ya kubisha hodi. Waliishi vizuri, wakizungumza hivyo hivyo kwa kuzunguka, wakalea mtoto mmoja wa kiume. Mume alipofariki, mashine ilinyamaza kwa muda wa maombolezo, kisha ikaendelea.

Ubao wa herufi ulipokwisha kukaririwa na mtaa mzima, Mama Lenzi alianza kuwapima wateja wa miwani ya kusomea kwa ukurasa wa chemshabongo, kwa kuwa hakuna maandishi madogo gazetini kama yale. Mtu akiweza kusoma kidokezo, miwani imemfaa, alipe aende. Shida ikawa kwamba wengine wakishasoma hawaendi.

Wa kwanza kunasa alikuwa Mwalimu, mzee mrefu aliyestaafu kufundisha kemia, ambaye hata leo haamini kitu mpaka akione kikichemka. Alisoma kidokezo, akaguna, akaketi kwenye benchi. Kinyozi wa mlango wa pili akaja kumsaka, maana Mwalimu alimwahidi kwamba anachukua miwani tu na kurudi kunyolewa ndevu. Akamkuta, akachungulia gazeti kupitia bega lake, akatoa jibu kwa sauti ya mpiga mnada. Halikuwa sahihi. Tangu siku hiyo ametoa majibu mengi kwa sauti hiyohiyo, na akijaliwa, moja kwa juma hukubaliwa.

Mwingine ni binti wa kaka yake Mama Lenzi, msomi wa chuo kikuu anayepanga vitabu katika maktaba ya mji. Alikuwa akija baada ya kazi kumsalimia shangazi yake, anaketi mwisho wa benchi, anasikiliza. Siku moja wazee wale walikuwa wakishikana mashati juu ya kidokezo kilichosema: "Ukishika la muhimu, ndani yake utapata cha kuandikia." Kinyozi aling'ang'ania "penseli" ingawa visanduku havikutosha.

"Tubane herufi mbili kwenye kisanduku kimoja," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema Mwalimu. "Ushahidi uko wapi?"

Binti akasema neno moja, macho yake yakiwa kwenye viatu: "Kalamu."

Wakageuka wote. Akanyoosha kidole bila kuinua kichwa. Neno limo ndani ya kidokezo chenyewe, katika "shika la muhimu": mwisho wa neno la kwanza, la kati lote, na mwanzo wa la tatu. Limejilaza pale kama paka juu ya kochi, nao wamelikalia. Kinyozi akavua kofia yake akaishika kifuani. Tangu hapo binti huyo akaitwa Kalamu, na ndiye anayejaza visanduku, kwa sababu mwandiko wake unasomeka na kwa sababu hana pupa.

Kikao chao kina kanuni mbili. Ya kwanza ni ya Mwalimu: jibu bila sababu ni umbea, haliandikwi. Ya pili wameizua wenyewe kwa utamu wa mambo, nayo ni fumbo la kuagia. Visanduku vikishajaa na watu wakisimama kuondoka, mmoja wao, kwa zamu, huwaachia wenzake fumbo alilolitunga mwenyewe waende nalo nyumbani. Sharti lifanane na mazungumzo ya kawaida. Kadiri linavyofanana, ndivyo sifa inavyokuwa kubwa, na mwenye fumbo akishalitamka haongezi neno wala haulizwi.

Bingwa wa fumbo la kuagia, msishangae, ni Kinyozi. Aliwahi kuaga hivi: "Mama watoto huamka siku hizi kabla yangu. Na hilo si fumbo, jamani, nasema ukweli." Wakamwamini. Mwalimu hata akamtumia mama watoto salamu za pongezi. Kesho yake Kinyozi akaingia akichezesha mkasi hewani, maana mkasi ulikuwa umejificha ndani ya "huamka siku", nao wote wameupita kama vipofu. Hajawaacha wapumue tangu siku hiyo. Na ikawa mazoea: mtu akiapa kwamba si fumbo, hapohapo wenzake wanasogeza viti.

Sasa tuje kwa mwanawe Mama Lenzi.

Ni mtoto mwema, na hilo lisemwe mapema asije akaonekana vingine. Anapima majengo katika mji wa mbali, ana mke mpole na watoto wawili wenye kelele, na tangu baba yake afariki amekuwa akisema kwamba mama hawezi kukaa peke yake. Jumapili hiyo, kabla ya Jumatatu ya majivuno, alipiga simu sauti ikimpaa kwa furaha.

"Mama, chumba chako kimekwisha! Nimekipaka rangi mwenyewe. Rangi ya maziwa."

Mama Lenzi aliketi juu ya kitanda chake, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya duka. "Nyumba njema si mlango, mwanangu."

"Mlango nao nimeubadilisha. Mbao ngumu, kitasa cha shaba."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Kuku hatufugi, Mama, majirani hawataki kelele."

Mama Lenzi aliitoa simu sikioni akaitazama kama anavyotazama lenzi yenye ufa. Mtoto huyu alikulia ndani ya methali kama wengine wanavyokulia chini ya bati linalonyeshewa mvua. Alizisikia sana hata hazisikii tena. Akajaribu mara ya mwisho. "Mazoea yana taabu, baba."

"Utazoea tu! Haya, Jumamosi asubuhi nakuja na lori. Mashine tutaitafutia mtu wa kuinunua, wewe usiguse kitu kizito. Sawa, Mama?"

"Tutaona."

"Ndiyo maana nakupenda. Huna maneno mengi."

Alipokata simu, Mama Lenzi alibaki amekaa. Wajukuu aliwapenda, kwa juma moja moja. Mkwe alimpenda kabisa. Lakini kwenda kuishi huko, bila mashine, bila benchi, bila mtu wa kumpigia kelele kwamba "penseli" inatosha! Alijua neno la kusema. Lina herufi sita na halijifichi ndani ya neno lolote. Ila mtoto amepaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, na kulitamka mbele ya rangi mbichi aliona ni kama kuupaka ukuta ule matope. Basi akalimeza, akaenda kulala nalo.

Jumatatu jioni kikao kilikaa kama kawaida. Majivuno yalishaandikwa, yakifuatwa na mengine, na kikabaki kidokezo kimoja cha herufi tano: "Akila huku amegeuka nyuma, mwite karamuni."

"Nani anayekula huku amegeuka nyuma?" Kinyozi akauliza. "Mwizi wa mboga."

"Mwizi wa mboga haitwi karamuni," Mwalimu akasema.

"Kwako. Kwangu shemeji zangu wote wanaitwa."

Mama Lenzi alikuwa akikaza skrubu ya mtu. Bila kuinua macho akasema, "Lisome 'akila' kinyumenyume."

Midomo ikacheza. Alika! Mwalimu akaiweka miwani juu ya paji la uso akahakiki: kumwalika mtu ndiko kumwita karamuni, sababu ipo, liandikwe. Kalamu akaliandika. Ukurasa ukajaa.

"Fumbo la kuagia," Kinyozi akasema, akisugua viganja. "Zamu ya nani? Mama Lenzi! Tupe, na usituonee huruma."

Mama Lenzi akaweka bisibisi chini. Alikuwa ameazimia kuwaambia mwanzoni mwa kikao, akashindwa. Akaazimia kuwaambia katikati, wakawa wanacheka. Sasa wote walikuwa wamemgeukia. Akaona hapatapatikana nafasi nyingine.

"Jumamosi mwanangu anakuja na lori," akasema. "Nafunga duka. Nahamia kwake."

Kinyozi akajipiga paja likalia. "Loo! Hilo kali!"

"Halina hata ufa," Mwalimu akasema kwa heshima kubwa. "Sentensi tatu fupi. Unaona lilivyopoa? Mtu anaweza kuapa kwamba ni habari tu."

"Ni habari," Mama Lenzi akasema. "Si fumbo."

"Anasema si fumbo!" Kinyozi alisimama. "Mnamsikia? Mbinu yangu! Mama, buni yako basi, hata aibu huna."

"Kinyozi, nina akili zangu timamu. Nakuambia nahama."

"Na uso ameukaza! Tazameni uso huo!"

"Mwenye fumbo haongezi neno," Mwalimu akakumbusha kwa upole, kidole juu. "Kanuni."

Wakatoka wakijadiliana njiani, sauti zao zikimfikia mpaka walipokata kona. Kalamu alibaki kidogo. Alikuwa ameyaandika maneno yale pembeni mwa gazeti. Akayatazama, akamtazama shangazi yake, akafunga kifuniko cha kalamu yake, akaaga.

Jumanne Mwalimu alikuja mapema kuliko desturi. Alikuwa amechukua herufi za mwanzo za sentensi ya kwanza, akazivuruga kwa kila namna, na neno la karibu kabisa alilolipata ni "mjanl". "Nalo si neno," alikiri. "Lakini linaelekea pazuri." Kinyozi alikuwa na njia yake. Ukiligeuza lori unapata "irol", na hiyo, alikuwa na hakika, ni dawa ya mba.

"Wala hakuna dawa ya namna hiyo," Mwalimu akasema.

"Wewe una nywele ngapi hata ujue dawa za mba?"

Mama Lenzi alicheka mpaka ikambidi aifute miwani. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Angewapata wakiwa na huzuni angewaambia tena, sawasawa, wakamwelewa. Lakini walikuwa na raha iliyoje! Siku nyingi hawajapata fumbo la kuwakosesha usingizi hivyo, nao wanamsifu yeye kwa kulitunga. Alipoanza kuteremsha fremu ukutani na kuzifunga kwenye maboksi, Kinyozi alikuja mlangoni na taulo la mteja begani, akaita mtaa mzima. "Njooni muone! Huyu mama sasa anaaga kwa vifaa! Ameleta na maboksi!"

"Ni ya kuhamia, Kinyozi."

"Ndiyo, ndiyo. Ya kuhamia." Akamkonyeza. "Boksi. Ngoja nikalifikirie hilo boksi."

Alhamisi alasiri Kalamu alikuja peke yake, akaketi sakafuni, wakaanza kuzipanga bahasha za lenzi pamoja. Alikuwa akizisoma moja moja kabla ya kuzitia kwenye boksi, kama anavyofanya na vitabu. Mama Lenzi alihisi kwamba binti ana jambo kooni. Alimjua tangu utotoni: maswali humkwama kama mlango uliovimba kwa unyevu. Akaamua kumsaidia.

"Rangi ya maziwa," akasema, "huchafuka upesi."

Kalamu akainua uso. Akafungua mdomo. Mteja akaingia akitaka kamba ya miwani, na alipotoka, swali nalo lilikuwa limeondoka.

Jumamosi lori lilisimama mlangoni kabla jua halijakolea. Mwanawe akaruka chini, mpana, mchangamfu, akamkumbatia mama yake akamwinua kidogo kutoka sakafuni, akaanza mara moja kupima mlango kwa macho ili ajue kipi kitangulie. Dereva akaja nyuma yake na kamba. Kalamu alishafika, alikuwa akifunga boksi la mwisho kwa utepe wa gundi. Hawakuwa wamebeba hata kitu kimoja Mwalimu na Kinyozi walipoingia kwa pamoja, Mwalimu akiwa na karatasi iliyojaa herufi.

"Tumelipata!" Kinyozi akatangaza. "Tumekesha nalo! Mama Lenzi, kaa chini, maana leo..." Akaliona lori. Uso ukamng'aa. "Ameleta hata lori, Mwalimu! Mimi nilisema! Mama huyu atatuua!"

"Shikamoo, mzee," mwanawe Mama Lenzi akamwambia Mwalimu, akampa na Kinyozi mkono. "Ahsanteni kwa kuja kumuaga Mama."

Mwalimu akaikunja karatasi yake. Akaikunja tena. Kinyozi akamtazama kijana, akamtazama dereva, akayatazama maboksi, akajiachia kwenye benchi kama mzigo wa nguo.

"Alisema si fumbo," Mwalimu akasema taratibu.

"Alisema tangu siku ya kwanza."

"Mimi nikamkatiza kwa kanuni."

"Kanuni gani, Mwalimu! Mtu anahama!"

Aibu ikawashika, na kama ilivyo desturi ya watu wenye aibu, ikafuata adabu. Mwalimu akasafisha koo akasema kwamba ni jambo jema, mzazi akifika umri fulani hana budi kupumzika. Kinyozi akasema mwana ni mwana, heri yake Mama Lenzi, wanawe yeye hata rangi ya kiatu hawampaki. Mwanawe akafurahi, akawaeleza habari za chumba: kilivyo kikubwa, dirisha linavyotazama barabara, kitasa cha shaba. Wote wakakisifu kitasa. Kila neno zuri lililosemwa lilimwelemea Mama Lenzi mabegani kama koti la msimu wa baridi analovikwa mtu mwenye joto.

"Ndiyo dunia," alisema.

"Mmeona anavyofurahi?" mwanawe akawaambia.

Akamgeukia dereva, wakaiendea mashine. Kijana akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. "Mama, bisibisi kubwa iko wapi? Hizi bolti zimeshika kweli."

"Droo ya skrubu," Mama Lenzi akajibu.

Kalamu ndiye aliyekuwa karibu, akaivuta droo. Gazeti halikuwamo. Akageuza kichwa, akaliona juu ya meza ya mbele: gazeti la leo, limefungwa vilevile lilivyoletwa, halijaguswa, na juu yake kadi nyeusi. Kwa miaka yote aliyokuwa akija dukani hajawahi kuliona gazeti hilo likiwa zima saa hiyo. Hata asubuhi ya homa lilikunjuliwa. Hata juma lile la msiba, alipolala hapa kumliwaza shangazi yake, alimwona akiilaza kadi, akasoma, akakunja.

Hakuichukua bisibisi. Alisimama mbele ya droo iliyo wazi, mikono imeshuka, na uso ukapata joto mpaka miwani yake ikafanya ukungu. Binamu yake alikuwa amenyoosha mkono bila kutazama, akingoja kupewa.

"Shangazi," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini watu wa kikao kile wameizoea. Ikisikika, huwa na jambo. Kinyozi akainua kichwa. Mwalimu akaacha kukunja.

"Wewe unataka kwenda?"

Mama Lenzi alitafuta kidokezo ndani ya swali lile, kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko anaoujua ni mtupu. Hapakuwa na kitu. Hakuna herufi za kugeuza, hakuna neno lililojilaza ndani ya jingine. Mwanawe alimweleza rangi na siku ya kuja, akamuuliza bisibisi iko wapi. Wenzake walijiuliza kama lori ligeuzwe. Swali hili hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Methali zikaja mbiombio, kama wateja wa asubuhi. Ile ya kuku ilifika kwanza, ikisukumwa na ile ya mlango. Nyuma yao ikaja "tutaona", imevaa vizuri, imezoea kupokewa. Akazitazama zote usoni, akazirudisha.

Mwanawe alikuwa ameinuka kutoka chini ya meza. Alikuwa na vumbi la lenzi kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori alikuwa hapimi kitu. "Mama?" akasema.

"Hapana, mwanangu," Mama Lenzi akasema. "Sitaki."